Nilikuwa nakaribia kutuma riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi, Mama akanisimamisha kwa neno moja

Wakuu, habari za huko mliko. Wakubwa wangu wote shikamooni.

Humu haipiti wiki bila mtu kuuliza, "Nataka kuandika riwaya, nianzie wapi?" Na majibu anayopewa ni ya kumrudisha kitandani akalale. Mimi si mtaalamu. Ni mwalimu wa shule ya msingi huku mwambao wa Nyasa, upande wetu wa Ruvuma. Lakini riwaya nimeiandika, nimeiandaa, nimeituma. Basi naleta yangu kama ilivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Nilichobadilisha ni majina tu, hasa ya watu wa kitabuni. Kitabu bado hakijatoka, siwezi kuwagawia muuaji bure. Mtanivumilia kwa hilo.

Ni ndefu kidogo. Wale wa "fupisha" mnaweza kwenda kupika chai mkarudi.

Nianze na Mama, maana bila yeye hakuna uzi.

Mama anaishi Litembo, kule juu milimani Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Baba alishatangulia. Kaka yangu mkubwa, Gaudensi, na mke wake wanaishi naye hapo hapo nyumbani. Mimi nimekulia Songea kwa shangazi, nikisoma huko, Litembo naenda likizo.

Mama ni mtu wa maneno. Sisemi kwa ubaya, ndivyo alivyo. Akiona moshi mwingi kwa jirani anajua leo kuna nyama. Akimwona mtu kavaa viatu siku ya kazi anajua kaitwa ofisi ya kijiji, na huyo mtu hajarudi, Mama ameshajua kaitiwa nini. Watu huniuliza mambo ya upelelezi nimejifunzia wapi. Nimejifunzia jikoni kwetu, nikichambua maharage na kumsikiliza.

Sasa mwaka jana, kahawa ndiyo inaanza kuiva, Mama akaanguka kwenye mibuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka yote. Hata jina langu.

Nilipofika hospitali alinitazama, machozi yakamtoka jicho moja, mdomo ukafunguka na hakikutoka kitu. Wakuu, nimewahi kufiwa, lakini sijawahi kuumia vile. Mtu yupo mbele yako na humpati.

Wauguzi walitulea vizuri sana, Mungu awabariki. Sista mmoja akaniambia, "Ongea naye, mwalimu. Anasikia. Msimnyamazie."

Nikaongea. Habari za shule, za wanafunzi wangu, za samaki, za barabara ya lami inayoshuka Mbamba Bay. Yule aliyekuwa ananijazia maneno katikati ya sentensi sasa ananitazama tu. Baada ya muda nikaishiwa.

Kwenye simu nilikuwa na riwaya. Nilikuwa nimeiandika kwa miaka, jioni jioni nikimaliza kusahihisha madaftari, kwa vidole viwili, na nilikuwa nimeshaimaliza. Nyumbani hakuna aliyeisoma. Kaka Gaudensi nilishamgusia akasema, "Sawa, hongera," akaendelea kunoa panga.

Basi muda wa kuona wagonjwa nikaanza kumsomea Mama.

Kwa kifupi kisa ni hiki. Mwalimu mkuu mstaafu anaitwa Otmari. Amepotea mwezi wa tatu, watu wako mashambani. Gari lake linakutwa ufukweni, viatu vimepangwa vizuri juu ya jiwe, yeye hayupo. Kila mtu anasema kazama ziwani. Binti yake haamini, anaanza kuchunguza. Kwenye rasimu yangu muuaji alikuwa daktari, kijana mpole anayependwa na kila mtu. Nilikuwa najiona nimemficha vizuri sana huyo daktari, hadi nikawa najipongeza mwenyewe.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanasikiliza. Nikishusha sauti naambiwa, "Mwalimu, huku hatusikii." Kuna mama mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani, ndugu zake wameshafunga mizigo, akagoma kutoka mpaka nimalize sura. Huyo ndiye msomaji wangu wa kwanza na hata jina lake sikuuliza.

Mama yeye, kimya. Lakini nilikuwa naona macho. Nikisoma yanatulia usoni kwangu, nikiacha yanaenda dirishani. Nikajipa moyo kwa hicho tu.

Akaruhusiwa, tukampeleka nyumbani. Likizo ikaisha nikatakiwa kurudi ziwani kufundisha. Kumwacha vile kulinitesa, ila kazi ni kazi.

Nikabuni njia. Kila siku nikitoka shule najirekodi nasoma kipande, natuma WhatsApp kwa Kaka. Yeye anaweka simu karibu na mto wa Mama, anabonyeza, anaondoka zake kwenye kahawa. Mke wake naye yuko huko huko, msimu wa kuchuma nyumba haina mtu. Kwa hiyo Mama alikuwa anasikiliza peke yake, na mimi hapa chini nazungumza na simu kama mtangazaji asiye na redio.

Wakati huo huo nilikuwa naandaa mzigo wa kutuma. Kuna mchapishaji mmoja Dar alikuwa ametangaza anapokea miswada mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Hapa wale wa "nianzie wapi" sikilizeni.

Soma maelekezo yao kama unavyosoma mkataba. Wametaka faili la Word, usiwatumie PDF. Wametaka sura tatu za mwanzo, usiwatumie saba kwa sababu ya saba ndiyo tamu. Kama ya saba ndiyo tamu basi hizo sita zina tatizo. Mimi niliandikia kwenye simu, nikaenda stationery moja Mbinga mjini, yule dada akanipangia aya na nafasi, maana kwenye simu kila kitu kilikuwa kimeshikana.

Kilichonitoa jasho ni muhtasari. Ukurasa mmoja, hadithi nzima, na muuaji umtaje. Nilikuwa nadhani muuaji anafichwa mpaka mwisho. Kumbe mhariri si msomaji, anataka kujua kama jengo lako limesimama. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Na kila nikifika pale "daktari alimuua Otmari kwa sababu..." mkono unakuwa mzito. Sababu niliyonayo haikuwa na nguvu. Nikaipaka rangi kidogo, nikasema itatosha.

Mzigo ukawa tayari. Nikapanga nitume Jumatatu.

Alhamisi simu ikaita, Kaka Gaudensi.

"Tasi, Mama kasema."

Nikakaa chini pale pale nje ya darasa. "Kasema nini?"

"Kasema Kasiani."

"Kasiani nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Anasema Kasiani, Kasiani. Nikimwitikia ananikasirikia."

Wakuu, kwetu Mbinga ukirusha jiwe sokoni utampiga Kasiani. Ni jina la kanisani, kila ukoo unaye. Nikafikiria weee, nikakosa. Kwenye ukoo wetu wa karibu hayupo. Nililia kwa furaha kwamba kasema, halafu nikabaki na wivu kidogo. Nimemsomea miezi, na jina lililorudi la kwanza si langu.

Kaka akaanzisha upelelezi wake sasa. Kapiga simu kwa baba mdogo, kwa mashangazi, hadi kwa watu wa Kigonsera ambako Mama alisoma enzi za usichana wake. Wifi yangu, ambaye mdomo wake na wa Mama ni mapacha, akasema polepole kwamba labda ni mtu wa zamani, wa kabla ya Baba. Kaka akanuna siku nzima. Lakini mama yako kafungwa ulimi na anamwita mtu, utafanyaje? Unamtafuta.

Na akapatikana. Mzee Kasiani, katekista mstaafu wa Kigonsera, aliyewahi kusoma mafundisho pamoja na Mama wakiwa wadogo.

Mzee wa watu alikuja na bodaboda Jumamosi asubuhi, koti la suti, rozari mkononi na jogoo amefungwa miguu. Mimi nilikuwa nimeshafika kwa ajili ya wikiendi, nimemletea Mama usipa, vile vidagaa vya Nyasa anavyovipenda. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," tukaitikia. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti kando ya kitanda cha Mama.

Mama akamtazama. Akamtazama tena. Akatikisa kichwa, hapana. Halafu akacheka.

Alicheka kwa nusu ya mdomo, mabega yanatikisika, machozi yanatoka. Kicheko cha kwanza tangu aanguke. Kaka akageukia ukutani. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote.

Mzee Kasiani hakuona aibu hata kidogo. Akamshika mkono ule uliolala, akasema, "Dada yangu, hata kama siye mimi, nimekuja kukuona." Akakaa, akasali rozari nzima, akala ugali, akaondoka. Jogoo akabaki.

Alipotoka nikamuuliza Mama, "Sasa ni Kasiani gani?"

Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto. Kwenye simu ya Kaka.

Nikadhani anataka tumpigie mtu. Nikasoma majina, anatikisa kichwa. Nikafungua zile rekodi zangu, akatulia. Nikaanza kuzicheza moja moja. Hii? Hapana. Hii? Hapana, na anakasirika kama ninavyomjua. Mpaka ikafika moja, sauti yangu mwenyewe inasoma:

"Kasiani, shemeji wa marehemu, alikuwa shambani tangu alfajiri, jembe mkononi, anamfukilia mjane ngolo zake ili asihangaike."

Mama akapiga godoro kwa kiganja. "Kasiani." Kisha akakunja ngumi ya kushoto, akaanza kulima hewani.

Jamani. Nilikuwa nimemsahau. Mimi niliyemuumba nimemsahau. Kasiani alikuwa kwenye kitabu changu mara mbili tu, na hapo nilimweka ili kuonyesha wema, kwamba msibani watu walisaidiana.

Kwa wasiojua huku kwetu: ngolo ni mashimo tunayolima kwenye miteremko, ukiangalia mlima kwa mbali unaonekana kama sega la nyuki. Maji ya mvua yanatuama humo, udongo hauondoki. Na kazi ina zamu zake. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga kwenye miraba. Baada ya hapo wanawake ndio wanachimba na kufukia zile nyasi, kisha wanapanda maharage. Siku hizi wanaume wengine wanasaidia, sikatai, lakini wanasaidia wake zao, tena mchana na kelele nyingi ili waonekane.

Mimi mtoto wa Songea ngolo nazijua kwa kuzitazama. Sijazishikia jembe.

Wifi alikuwa mlangoni na jogoo. Akacheka mpaka akakaa kizingitini. "Tasi, mwanaume anafukia ngolo peke yake alfajiri, shamba la mke wa mwenzie? Huyo halimi, wifi yangu. Anafukia kitu kingine."

Mama akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ametulia kabisa, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikaweka kichwa miguuni kwake nikalia. Haikuwa habari ya kitabu tena. Siku zote zile tulikuwa tunajiuliza kama bado yumo, au tumebaki na mwili tu tunaoulisha uji. Kumbe yumo. Mzima. Amelala pale anawachunguza watu wa kitabuni kama alivyokuwa akiwachunguza majirani, amemkamata mtu, na hana wa kumwambia.

Sasa likaja swali la Jumatatu.

Mzigo uko tayari. Tarehe inafungwa. Kubadilisha muuaji kwenye riwaya ya upelelezi si kubadilisha jina, ni kubomoa nyumba na kuijenga upya watu wakiwa ndani. Kaka akaniambia, "Tuma hiyo hiyo. Mama ataelewa, ni hadithi tu."

Angekuwa sahihi kwa mtu mwingine yeyote. Lakini neno moja Mama alilokuwa nalo duniani alilitumia kunisaidia. Ningetuma ile ya daktari, ningekuwa nimemwambia kwamba amekosea. Na hakuwa amekosea. Nilikaa na muhtasari wangu nikaona Kasiani anaingia kila mahali ambapo daktari alikuwa anapwaya. Mwezi wa tatu, udongo umelainika kwa mvua. Maharage yameota juu, nani atachimba? Viatu ufukweni ni vya kuwapeleka watu ziwani wakatafute majini, wakati mtu yuko mlimani.

Sikutuma. Tarehe ikapita. Kuna marafiki waliniambia nimechezea bahati, na siku nyingine niliwaamini.

Nikaandika upya kuanzia mwisho kuja mwanzo. Hili mlichukue wale mnaoandika upelelezi. Ukishajua muuaji, anza pale anapokamatwa, rudi nyuma ukimwekea nyayo. Ukienda mbele tu utajidanganya kama nilivyojidanganya mimi. Daktari wangu nilimwacha awe mtu mwema kweli, na nilimwomba radhi moyoni.

Mama naye akawa anaendelea na mazoezi. Maneno yakaanza kurudi, moja moja, na bila mpangilio. Maji. Kuku. Hapana. Jina la Kaka lilirudi kabla ya langu, mpaka leo ananitambia. Langu lilirudi mwezi wa kumi, kwenye simu, "Tasi," basi. Nilikuwa kwenye foleni ya samaki nikatoka kwenye foleni.

Sura ya mwisho sikuirekodi. Niliisubirisha mpaka likizo ya Desemba. Mvua imeanza, tumemweka Mama barazani na blanketi, Kaka na wifi wamekaa, na Mzee Kasiani naye yupo, maana tangu ile siku hakukoma kuja kumwona na alishasimuliwa yote. Anasema ana haki ya kusikia alichofanya.

Nikasoma. Binti anafika shambani na wanawake wa kijiji, majembe mkononi. Wanachimba chini ya maharage. Kasiani amesimama ukingoni anatazama, na wa kwanza kumtazama yeye ni mjane.

Nikamaliza. Mzee Kasiani akavua kofia.

Mama akavuta pumzi. Mdomo ukahangaika, tukasubiri. Kaka alitaka kumsaidia nikamzuia. Likatoka taratibu, kwa Kimatengo, maneno yote yameshikamana kwa mara ya kwanza tangu aanguke:

"Si nilikuambia."

Ndiyo, Mama. Uliniambia.

Mwezi wa kwanza nikapata mchapishaji mwingine anayepokea. Mzigo ule ule, sura tatu, muhtasari, maelezo kuhusu mimi. Muhtasari safari hii niliuandika kwa kikao kimoja. Kwetu mtandao unashika vizuri barazani, nikaambatanisha kila kitu, nikamshikia Mama simu. Akabonyeza yeye kwa kidole gumba cha kushoto.

Jibu lilichukua muda mpaka nikaacha kufungua email. Wiki iliyopita likaja. Wamekipokea, kinaingia kwenye uhariri. Mhariri ameandika kwamba suala la jembe hakuliona kabisa mpaka mwisho, na alirudi nyuma akakuta lilikuwa wazi mbele yake. Ameomba niongeze mapema kidogo jinsi wanawake wanavyolima ngolo, ili msomaji wa mbali naye apate nafasi ya kukisia. Ombi la haki, nimeongeza. Kazi bado ni ndefu na sijaona kitabu mkononi, kwa hiyo msinipongeze sana.

Nilichojifunza? Wasomee watu wako kazi yako kabla hujampa mgeni. Usitafute wasomi tu. Msomee mtu anayekujua na anayekijua kile unachokiandika, hata kama hawezi kukujibu. Hasa kama hawezi kukujibu. Na kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, usimnyamazie. Hujui anapambana na nini kule ndani ili akufikie.

Waandishi mliopitia huku, mhariri akikuomba mabadiliko unabishana mpaka wapi? Na mnaouguza wazazi wenye kiharusi, nyie mliwasomea au kuwasimulia nini? Karibuni, nasoma yote.

Nyongeza: Mama kaniona nabonyeza simu muda mrefu, kaniuliza naongea na nani. Nimemwambia kuna watu wengi nawasimulia habari za kitabu. Kanikazia macho yale yale ya zamani.

"Muuaji," akasema, na akaweka kidole mdomoni. "Usiwaambie."